Sehemu Zinapoingia Katika Mlinganyo

Chukua shamba la mpunga la Kipini, karibu na mdomo wa Mto Tana, lenye upana wa mita 30 na urefu wa mita 120. Eneo lake ni mita mraba 3,600, sawasawa na shamba la mita 60 kila upande. Ukipima kwa kamba ya mita 90, upana ni thuluthi ya kamba, na urefu ni kamba moja na thuluthi: namba mbili zinazopishana kwa moja, na zao lake ni mraba wa thuluthi mbili. Kwa namba kamili chanya hilo haliwezekani, maana n mara n+1 huangukia kati ya mraba wa n na mraba unaoufuata. Mwaka 1975 Paul Erdős na John Selfridge walithibitisha kwamba namba kamili chanya zinazofuatana, ziwe mbili au mia, zao lake kamwe haliwi mraba, mchemraba wala kipeo kingine. Wengi hudhani swali limeishia hapo. Kwangu mimi, ugumu wake unaanza sehemu zikiruhusiwa.

Huenda mtu akasema sehemu ni kubadili kipimo tu. Basi atazame 1, 25 na 49: zinapishana kwa 24, na zao lake, 1,225, ni mraba wa 35. Zigawe kila moja kwa 24, nazo zitapishana kwa moja. Lakini 24 imeingia mara tatu, ikawa 13,824, ambayo si mraba. Zao limeharibika. Zingekuwa namba mbili, kipimo kingeingia mara mbili kikawa mraba chenyewe. Hoja ya Pierre de Fermat ya karne ya 17, kwamba pembetatu yenye pembe mraba na pande za namba kamili haiwi na eneo la mraba, inafunga kabisa mlango huu wa namba tatu, zao lisipokuwa sifuri. Hata hivyo −4/3, −1/3 na 2/3 huzaa 8/27, mchemraba wa 2/3.

Kompyuta nayo haiwezi kuzimaliza sehemu zote. Uthibitisho ndio unaotakiwa. Mwaka 2016 Michael Bennett na Samir Siksek walionyesha kwamba, kwa kila idadi ya namba zinazofuatana, majibu yasiyo sifuri yana kikomo hata ukijumlisha vipeo vyote, isipokuwa namba mbili zinapotakiwa kuzaa mraba. Walimu wa Garsen na Kipini, andikeni 1, 25 na 49 ubaoni, muwaachie wanafunzi wazigawe wenyewe.