Nondo katikati ya benchi

Nikialikwa kwenye kikao cha bustani ya manispaa, kabla chai haijapoa atatokea mjumbe: "Mtaalamu, tuchomelee nondo ngapi kwenye kila benchi ili mateja wasilale?" Hata moja msichomelee. Nimechoka kulijibu swali hili.

Mnaamini kwamba benchi huleta wahuni. Haliwaleti. Asiye na pa kulala atatandika boksi kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Muuza unga hufanya biashara yake wima, karibu na upenyo wa kukimbilia. Nondo inamkomoa mama aliyetaka kumlaza mtoto kidogo, mjamzito, na mtu wa mwili asiyeenea kati ya vyuma viwili. Hao ndio huondoka kwanza, na wakiondoka hakuna tena macho ya watu. Bustani isiyo na macho ndiyo anayoitaka kibaka. Teja naye ni mgonjwa: Muhimbili wanatoa methadoni tangu 2011, mpelekeni huko.

Bryant Park ya New York ilikuwa imetekwa na wauza dawa za kulevya. Ilifungwa mwaka 1988 kwa ukarabati. William H. Whyte, aliyeshinda viwanjani na kamera miaka ya 1970 akitazama watu wanavyokaa, alishauri kinyume na wajumbe wangu: fungueni njia za kuingilia, ondoeni vichaka vinavyoficha, wekeni viti vyepesi visivyofungwa chini. Ilipofunguliwa tena 1992, wafanyakazi wa maofisini wakaijaza saa za chakula cha mchana. Ni Whyte huyohuyo aliyeona kwamba mtu hukisogeza kiti inchi chache kabla ya kukikalia, hata bila faida yoyote. Anataka tu pawe pake.

Ila kwa nini twende mbali? Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni baraza tupu, na kuna kahawa, dhumna na siasa. Kibaka atapita hapo mbele ya wazee wote wale?

Halafu tazameni benchi la watu watatu. Wa kwanza hukaa pembeni, wa pili pembeni ya pili. Wa tatu, kama hawajuani, husimama akijidai anasoma simu. Nondo ya katikati inakiua kabisa kiti hicho ambacho tayari kina mkosi.

Haya, ya kufanya. Kivuli kwanza, benchi la juani saa saba mchana halina mtu. Kimo sentimita 45 hivi. Mahali pa kushikia pawe ncha zote mbili, wazee wajiinulie. Tumieni mbao, bati linaunguza. Lielekee wapita njia, lisitazame ukuta. Mawili yakutane kwa kona, watu waongee bila kupinda shingo. Muuza kahawa msimfukuze. Fedha za nondo wapeni mafundi wa taa.