Majina ya Viungo Vyetu (3): Giligilani

Juma lililopita tuliishia kwenye mchaichai. Leo tushike giligilani, ambayo majani yake hukatiwa kwenye mchuzi ukikaribia kuepuliwa, na mbegu zake kavu hutwangwa kwa ajili ya pilau.

Kiungo hiki kina majina matatu Uswahilini. Kotimiri, linalosikika sana Unguja, ni kothmir ya Wagujarati. Dania, walilolizoea Wakenya, nalo ni la Kihindi. Giligilani limetoka Uarabuni, na hilo ndilo lenye kisa kinachotuhusu sisi watu wa Rufiji.

Asili yake ni juljulan. Katika lahaja kadhaa za Oman na Yemeni, herufi jim hutamkwa “ga”. Naona ndiyo sababu tukapata giligilani badala ya “jiljilani”. Njia liliyopita haihitaji kutafutwa mbali. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakapakia boriti za mikoko kwenye delta yetu na bandari nyingine za pwani, yakarudi na kusi. Maneno nayo yalishushwa pamoja na shehena.

Ajabu ni kwamba juljulan ina maana mbili. Ibn Manzur, mwanaleksikografia wa karne ya 13, katika kamusi yake Lisan al-Arab anaitaja kuwa ni mbegu ya giligilani, na pia kuwa ni ufuta. Morocco hadi leo ukitaja jina hilo utapewa ufuta, na Wahispania waliuita ufuta ajonjolí kutokana na neno hilohilo.

Mbegu hizi hazifanani: ya giligilani ni duara yenye mistari myembamba, ya ufuta ni bapa. Lakini kwa Kiarabu juljul ni njuga. Mkulima wa Ngorongo au Kibiti anayepindua mganda mkavu wa ufuta juu ya turubai na kuutikisa anaujua mlio wa mbegu ndani ya vitumba. Kwangu mimi, maelezo kwamba jina limetokana na mlio huo yanaingia akilini, na yanaonyesha kuwa huenda jina lilianzia kwenye ufuta.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia mrihani. Msomaji unayejua jina la kiungo chochote kwa Kindengereko au Kimatumbi, tafadhali muulize mzee wako maana yake, kisha utuandikie kupitia kwa mhariri.