Penye theluji, mfuate ng'ombe

Wakenya wengi walianza kuutilia maanani mchezo wa kuteleza thelujini mwaka 1998, Philip Boit alipoiwakilisha nchi yetu katika Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani. Tangu hapo tumezoea kuuliza nani kashinda na nani kaanguka. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: je, wale wanaoshinda kutwa katika baridi ile hula nini, na chakula kizuri hukipata wapi? Swali hili huenda likaonekana la walafi, lakini jawabu lake lina mafunzo kwa mwalimu na mwanafunzi.

Hebu tuitazame milima ya Alps upande wa Ufaransa. Huko kuna vituo vya aina mbili. Vya kwanza ni vile vilivyojengwa juu sana, mahali palipokuwa malisho matupu ya kiangazi, ili theluji isikosekane. La Plagne, kilichofunguliwa mwaka 1961, ni mojawapo. Katika vituo kama hivi takribani kila kitu hupandishwa kwa malori. Si ajabu basi mgeni akauziwa chipsi, soseji na pizza ambazo angezipata katika mji wowote duniani, na bei yake ikawa imepanda mlima pamoja naye.

Aina ya pili ni vijiji vya kale vya wafugaji, mathalani Le Grand-Bornand na La Clusaz katika mkoa wa Haute-Savoie. Hapa ng'ombe walitangulia, watalii wakafuata. Nayo fahari ya hapa ni jibini iitwayo reblochon.

Asili ya jina hilo ni kisa cha wanyonge. Yasimuliwa kwamba katika Zama za Kati wafugaji wa bonde la Thônes hawakumiliki malisho. Walilipa kodi kwa kadiri ya maziwa yaliyokamwa mbele ya mjumbe wa mwenye ardhi. Basi siku ya kupimwa walikama nusunusu. Mjumbe akiisha kwenda zake, walirudi zizini wakakama tena. Maziwa hayo ya pili yalikuwa machache lakini yenye malai tele, nayo ndiyo waliyotengenezea jibini. Katika lugha ya kwao, neno lililozaa jina reblochon lina maana ya kukama mara ya pili. Chakula cha kujificha leo ni chakula cha heshima, na tangu mwaka 1958 jina lake linalindwa kwa sheria za Ufaransa.

Ukipata nafasi ya kufika huko, usiketi kwenye mkahawa wa kwanza ulio chini ya lifti za viti. Tafuta soko la kijijini, au nyumba ya mfugaji inayopika kwa wageni. Tazama alama ya mviringo juu ya jibini: ya kijani huonyesha kwamba imetengenezwa shambani kwa maziwa ya kundi moja, na nyekundu kwamba imetoka kiwandani kwa maziwa ya wafugaji kadhaa. Agiza tartiflette, yaani viazi, vitunguu na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, vikaokwa chini ya jibini hiyo mpaka ikayeyuka. Wengi hudhani ni pishi la mababu, ilhali lilienea miaka ya 1980 tu. Babu yake ni péla, viazi na jibini vilivyopikwa katika kikaango chenye mpini mrefu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini je, mwenyeji hupona daima? Panapokuja watalii, bei ya ardhi hupaa, na shamba lililolisha ng'ombe kwa karne nyingi hugeuka nyumba ya likizo ambayo hufungwa sehemu kubwa ya mwaka. Ng'ombe wakiondoka, jibini nayo huondoka. Mgeni hubaki na chipsi zake. Kwa upande mwingine, wako wafugaji ambao wakati wa baridi huendesha lifti au hufundisha wageni kuteleza, kisha kiangazi hupanda na mifugo yao malishoni. Ujira wa theluji husaidia kulitunza zizi, na zizi hukipa kijiji chakula ambacho mgeni hatakipata kwao.

Kwa hiyo mwanafunzi wa utalii asidhani kwamba kumkirimu mgeni ni kumpikia alichokizoea. Chakula kizuri cha milimani hakikubuniwa kwa ajili ya mgeni, alikikuta kikiliwa. Mwenye kukitafuta na aulize kwanza walipo ng'ombe. Akiambiwa hawapo tena, ajue kuwa amechelewa.