Korosho, Misitu na Hesabu ya Kinachobaki Kusini

Kila minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, mikoa ya Mtwara na Lindi hupimwa kwa tarakimu moja tu: bei ya mnada wa kwanza. Ikivuka shilingi 4,000 kwa kilo, Kusini kumeneemeka. Ikiteremka chini ya 2,000, Kusini kumekwisha. Kipimo hiki kinapendwa kwa sababu ni chepesi, lakini hakituambii lolote kuhusu uimara wa uchumi wenyewe. Bei hupangwa na soko ambalo mkulima wa Newala halioni, na kwa miaka mingi soko hilo limekuwa wabanguaji wa India na Vietnam. Swali la maana zaidi ni lile la mwezi Machi, mnunuzi akishaondoka na meli ikishang'oa nanga: kimebaki nini mikononi mwa watu na vyombo vyao cha kuwavusha msimu mbaya utakapokuja? Kwa kipimo hicho naona kwamba Kusini hakujawahi kukosa mali. Kilichokosekana ni njia ya kubakiza sehemu ya mali hiyo chini ya uamuzi wa wale wanaoizalisha, na pale njia hiyo ilipopatikana, hata kwa kiasi kidogo, matokeo yalionekana.

Historia ya eneo hili imejaa miradi mikubwa iliyoteremshwa kutoka juu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga uliofika hadi Nachingwea, wakajenga reli na bandari ya Mtwara kwa ajili ya zao ambalo halikuwahi kuijaza. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Korosho zilikuja kwa njia nyingine kabisa. Wakulima wadogo walipanda mikorosho katikati ya muhogo na mtama, bila mtu kuwalazimisha, na kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kisha likaja anguko. Operesheni Vijiji ya serikali iliwahamisha watu mbali na mashamba yao, mikorosho ikamezwa na vichaka, sehemu ya bei iliyomfikia mkulima ikapungua, na ugonjwa wa ubwiriunga ukasambaa. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Na ni katika kipindi hicho hicho serikali ilikuwa ikikamilisha viwanda 12 vya kubangua, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vyenye uwezo wa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vingi viligeuka maghala. Mitambo ilikuwepo, wahandisi walikuwepo. Shambani ndiko kulikokuwa kutupu.

Kilichouokoa mkorosho kilikuwa kitu kidogo na cha karibu zaidi. Ubwiriunga ni kuvu anayefunika maua na majani machanga kwa unga mweupe katika miezi ya ubaridi, kuanzia Juni, ua likakauka kabla ya kushika tunda. Watafiti wa Kituo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, waligundua kuwa salfa ya unga humdhibiti, lakini sharti ipulizwe kwa wakati wake na kwa awamu. Mkulima anatakiwa awe shambani alfajiri, upepo haujaanza na umande bado uko kwenye majani, ili unga unate. Akichelewa hadi jua kupanda, nusu ya salfa inakwenda na upepo na pesa yake imekwenda nayo. Kituo hicho kilichagua pia mikorosho inayostahimili ugonjwa na kuzalisha miche ya kubebesha kwa ajili ya kufufua mashamba yaliyozeeka. Mwanzoni wafadhili walibeba gharama, baadaye makato ya korosho zenyewe yakachangia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalirudi juu ya tani 100,000, na msimu wa 2017/18 yakafika takriban tani 313,000. Ndiyo maana nasema fedha iliyorejea kwenye zao, kupitia chombo kilicho jirani na shamba, ilifanya kazi ambayo viwanda 12 havikuifanya.

Njia kuu ya kurudisha fedha hiyo ilikuwa ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi: asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Sheria iliagiza asilimia 65 ya ushuru huo irudi kuendeleza zao, yaani salfa, miche, utafiti na ubanguaji. Juni 2018, wabunge wa Kusini walipokuwa wakidai bungeni zaidi ya shilingi bilioni 200 za malimbikizo ya mgawo huo, sheria ilibadilishwa na ushuru wote ukaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Miezi michache baadaye bei ya dunia iliporomoka. Wanunuzi walitoa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, wakulima wakakataa kuuza, na Novemba mwaka huo Rais Magufuli akaagiza serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wengi walilipwa baada ya miezi kadhaa, na wakati huo msimu wa kusafisha mashamba na kupuliza ulikuwa haumngoji mtu.

Hapa pana pingamizi lenye uzito. Ushuru wa forodha ni mali ya taifa zima, na kuna mikoa mingine maskini isiyo na zao la kuuza nje. Kwa nini Mtwara ibakize chake wakati mkoa mwingine hauna cha kubakiza? Ingekuwa hoja nzuri kama ushuru ungekuwa ziada. Lakini mkorosho usiopulizwa hauzai, na sehemu ya fedha ile ilikuwa gharama ya kuzalisha ushuru wa mwaka ujao. Isitoshe, hesabu ya 2018 yenyewe inajibu. Kununua tani 200,000 kwa shilingi 3,300 kwa kilo ni shilingi bilioni 660. Serikali iliyoona bilioni 200 ni nyingi kuziacha kwenye zao ilijikuta ikiahidi zaidi ya mara tatu ya hapo ili kuokoa msimu mmoja. Misimu iliyofuata viuatilifu vya ruzuku vilirudi, mavuno hatimaye yakapanda, na msimu wa 2024/25 taifa lilivuna zaidi ya tani 500,000. Sidai kwamba ruzuku peke yake ndiyo iliyoleta hayo. Mvua, mashamba mapya na bei nzuri vina sehemu yao. Ninachosema ni kwamba kilichotolewa kwa uamuzi wa mwaka mmoja kinaweza kuondolewa kwa uamuzi wa mwaka mwingine, na mkulima hawezi kupanga juu ya hisani.

Misitu ya Kusini inatoa ushahidi ulio wazi kuliko hata korosho. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kuuvuka Mto Rufiji, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilifunguka, na magogo yakaanza kutiririka kuelekea soko la China. Utafiti wa shirika la TRAFFIC, uliotoka mwaka 2007, ulikadiria kuwa katika halmashauri kadhaa hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa kwenye mbao yalipotea. Barabara tuliyoidhani italeta maendeleo ilikuwa, kwa miaka ile, mfereji wa kuyatoa. (Si kwamba daraja halikupaswa kujengwa; anayesema hivyo hajawahi kulala foleni ya kivuko cha Ndundu mtoni hapo.) Hata hivyo Sheria ya Misitu ya 2002 ilikuwa tayari imefungua mlango mwingine: kijiji kinaweza kutangaza hifadhi ya msitu wake, kikaandaa mpango wa uvunaji na kubaki na mapato. Huko Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilifanya hivyo kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo, na mwaka 2009 misitu yao ikapata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Mti ni ule ule, mpingo unaochongwa klarineti na obo huko Ulaya, na mnunuzi anatoka mbali vile vile. Kilichobadilika ni nani anahesabu magogo na fedha inaingia akaunti ya nani.

Wapo watakaosema, na hawajakosea, kwamba vyombo vya karibu navyo vinaiba. Aprili 2013 wilayani Liwale, wakulima wa korosho walipoona malipo ya pili ya korosho walizokwisha kukabidhi kwa ushirika yamekuja pungufu kuliko walivyotarajia, nyumba kadhaa za viongozi wa ushirika na wa siasa zilichomwa moto. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007, ulikusudiwa kumwondoa kangomba, yule mlanguzi anayenunua kwa kipimo chake korosho ambazo bado ziko mtini kwa mkulima mwenye shida ya ada au ya msiba. Katika miaka yake ya kwanza mkulima alihisi amemkimbia mlanguzi akaangukia kwa katibu wa ushirika. Tofauti ni kwamba wizi wa karibu unaonekana na unarekebishika. Leo korosho zinapimwa kwenye chama cha msingi, zinapangwa daraja, zinapelekwa ghala kuu, na siku ya mnada zabuni zinatangazwa mbele ya wakulima, nao wanasema tunauza au hatuuzi. Mwaka 2018 walisema hatuuzi, na nchi nzima ikasikia. Sijui utaratibu mwingine unaompa mkulima wa pamba au wa mahindi sauti kama hiyo.

Pingamizi la mwisho ndilo linalopendwa na wanasiasa wote: jibu ni viwanda. Tubangue hapa hapa, kilo nne za korosho ghafi zitupe kilo moja ya korosho karanga, ajira zibaki, maganda yatoe mafuta yake. Nakubaliana na lengo, ila tatizo la ubanguaji si mashine. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi; kazi inataka mvuke, kisu, kukausha, kumenya kile kiganda chembamba, na jicho la kutenganisha nzima na zilizovunjika, maana iliyovunjika hupoteza sehemu kubwa ya bei. Haya wanawake wa Mtwara wanayajua kwa miaka. Ugumu uko kwenye fedha: mbanguaji anatakiwa anunue malighafi ya miezi 12 ndani ya miezi mitatu ya minada, kwa mkopo wa benki, akishindana na mnunuzi ambaye mtaji wake una riba nafuu. Kiwanda kisicho na mtaji wa kununulia kinafunga Februari. Kwa hiyo hata kiwanda kinarudi kwenye swali lile lile: fedha ya msimu mzuri inalala wapi mpaka msimu ujao?

Na hapo ndipo ningependa mjadala uhamie, hasa kwa kuwa zao moja halitoshi. Mwaka 2017 India iliwekea kikomo uingizaji wa mbaazi, na bei Kusini ikaanguka hadi shilingi mia chache kwa kilo. Waliovuka ni wale waliokuwa na ufuta au korosho pembeni. Vyama vikuu vya ushirika kama TANECU na MAMCU tayari vinakata kwa kila kilo fedha za usafiri, ghala, magunia na uendeshaji, na halmashauri inachukua asilimia tatu yake. Makato ya akiba yanaweza kuongezwa kwa masharti: yasikatwe kabisa bei ikiwa chini ya kiwango ambacho mkutano mkuu umekipanga, yaongezeke bei inapopanda, na yatumike kwa mambo matatu tu, salfa ya msimu ujao, mkopo wa muda mfupi kwa mkulima ambaye bila huo angeuza kwa kangomba, na dhamana ya benki kwa wabanguaji wa ndani. Shilingi 50 kwa kilo katika tani 200,000 ni shilingi bilioni 10. Haziwezi kuzuia bei ya dunia kuanguka, wala hazichukui nafasi ya mgawo wa ushuru ambao wabunge wa Kusini wana haki ya kuendelea kuudai. Zinatosha tu kununua salfa ya Juni kabla ya Juni, mradi salio la akiba hiyo libandikwe ukutani mwa kila chama cha msingi siku ile ile bei ya mnada inapobandikwa.