Kazi iko, feza haiko: utafiti wa mwanauchumi Gary Fields unagusa vipi Congo?

Kwa hesabu za Shirika la Kazi Duniani (OIT), watu wasio na kazi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ni karibu asilimia 5 tu ya wote wanaofanya au kutafuta kazi. Benki ya Dunia nayo ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wacongomani asilimia 73,5 waliishi kwa chini ya dola 2,15 kwa siku. Anayesoma namba hizo mbili pamoja anaweza kudhani kwamba moja kati yake ni ya uongo. Lakini zinaweza kusimama pamoja bila kupingana, na mwanauchumi mmoja Mmarekani ametumia zaidi ya miaka 40 kueleza kwa nini.

Ni Gary Fields, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York. Mwaka 2012 alitoa kitabu Working Hard, Working Poor, kinachohusu watu wanaofanya kazi kwa nguvu zao zote na kubaki maskini. Miaka miwili baadaye, taasisi ya IZA ya mjini Bonn, Ujerumani, ilimpa zawadi yake ya uchumi wa kazi. Hoja yake ni nyepesi kuisema: maskini wengi wa dunia hawakukosa kazi. Wanafanya kazi, tena kwa saa nyingi, lakini kile ambacho kazi hiyo inaleta nyumbani jioni hakitoshi.

Utata unaanzia kwenye neno lenyewe. Kwa watakwimu, mtu aliyefanya kazi ya kujipatia mapato hata kwa saa moja tu ndani ya wiki anahesabiwa kuwa ana kazi. Mama anayeuza sombe sokoni Kadutu, motari wa Goma, msukuma chukudu, kijana anayeuza kredi za simu kando ya barabara Bunia: hao wote, kwa hesabu hiyo, wana kazi. Na hawana uchaguzi. Kukaa miezi sita nyumbani ukingoja kazi nzuri kunahitaji akiba, au mzazi mwenye mshahara, au serikali inayotoa msaada. Asiye na kimoja kati ya hivyo hawezi hata kuwa "bila kazi". Afrika Kusini, iliyo tajiri kuliko Congo kwa mbali, ina ukosefu wa kazi unaozidi asilimia 30. Sababu zake ni nyingi, lakini mfano huo unatosha kuonyesha kwamba namba ndogo ya wasio na kazi si cheti cha afya ya uchumi.

Mizizi ya utafiti wa Fields inapatikana karibu na hapa, nchini Kenya. Mwaka 1964, muda mfupi baada ya uhuru, serikali ya Kenya, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana hivi: makampuni binafsi yaongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na wafanyakazi wasidai nyongeza ya mshahara. Ilitazamiwa kwamba wasio na kazi wangepungua mijini. Kumbe habari ya kazi mpya ilifika vijijini, na watu wengi zaidi wakashuka mjini kutafuta.

Wanauchumi John Harris na Michael Todaro waliitafutia hali hiyo maelezo katika makala yao maarufu ya mwaka 1970. Hesabu yao inaweza kuelezwa hata chini ya mti. Tuseme mkulima anapata dola 2 kwa siku kijijini, na kazi ya mjini inalipa dola 6. Kama kati ya watu watatu wanaotaka kazi mjini mmoja tu ndiye anaipata, basi wastani wa tumaini la mjini ni dola 2, sawasawa na kijijini. Hapo hakuna sababu mpya ya kuhama. Sasa mji ukiongeza nafasi 100 za kazi, na mapato ya kijijini yakibaki palepale, watu wataendelea kuja mpaka wafike 300. Mia moja watapata kazi, na mia mbili wataongezeka kwenye foleni.

Mwaka 1975 Fields alirekebisha picha hiyo. Alisema wengi wa wale mia mbili hawakai wakikunja mikono. Wanaingia kwenye kazi ndogondogo za mjini huku jicho likiwa kwenye kazi ya mshahara. Ndiyo sababu, anasema, suluhisho la tatizo la kazi mjini linaweza kuwa kijijini: dola 2 za mkulima zikipanda kuwa 3, foleni ya mjini inapungua bila kiwanda hata kimoja kujengwa.

Kwa msomaji wa Kivu au Ituri, hapa hesabu inakwaruza kidogo. Mtu wa Masisi au wa Djugu hafiki mjini kwa kulinganisha dola 2 na dola 6. Mara nyingi anafika kwa sababu risasi zimelia nyuma ya nyumba yake. Na kinachomngoja mjini nacho kimebadilika. Tangu AFC/M23 kuingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, benki zilifunga milango, na hata mwenye mshahara alilazimika kutafuta njia nyingine ya kuufikia. Mfano wa Harris na Todaro haukuandikwa kwa watu wa namna hiyo. Lakini mara tu mkimbizi anapofika, anaingia kwenye kazi zile zile za kujitafutia ambazo Fields anazieleza, akikuta wengi wamemtangulia.

Kazi yake nyingine, ya mwaka 1979, inafaa zaidi kupimia Congo nzima. Fields alitenganisha namna tatu za uchumi kukua. Chukua familia kumi: tisa zinapata dola 1 kwa siku, moja inapata dola 10. Jumla ni dola 19. Uchumi ukikua mpaka dola 28, inawezekana familia moja maskini imepata kazi nzuri, sasa mbili zina dola 10 na nane zimebaki na dola 1. Inawezekana pia ile ya dola 10 imefika dola 19, na zile tisa hazikuona kitu. Au kila moja ya zile tisa imetoka dola 1 hadi 2. Kwenye karatasi za serikali ukuaji ni ule ule. Kwenye sufuria za familia hizo kumi, tofauti ni kubwa mno.

Mwaka 2022 uchumi wa Congo ulikua kwa karibu asilimia 9, ukisukumwa hasa na migodi ya shaba na kobalti ya Lualaba na Haut-Katanga. Migodi mikubwa hutumia mashine nyingi na watu wachache. Si vigumu kuona kwamba ukuaji huo unafanana zaidi na ile hesabu ya pili, na asilimia 73,5 za Benki ya Dunia zinaonekana kushuhudia hivyo.

Nini kifanyike? Mwaka 2025 serikali ya Kinshasa ilipandisha mshahara wa chini, SMIG, kutoka franga 7.075 zilizowekwa mwaka 2018 hadi franga 14.500 kwa siku. Kwa mwenye mkataba ni habari njema. Muuza sombe hana bosi wa kumlipa SMIG. Kwa watu kama yeye, Fields anaelekeza macho India, kwenye SEWA, chama cha wanawake wanaojitafutia kazi kilichoanzishwa na Ela Bhatt mjini Ahmedabad mwaka 1972. Hakikuanza kwa kuwatafutia wanachama wake kazi nyingine. Kilipigania kazi waliyo nayo iwalipe vizuri zaidi: mkopo usio wa wanyonyaji, bei bora, polisi wasiwafukuze kando ya barabara. Mwaka 2014 India ilipitisha sheria ya kuwalinda wachuruzi wa barabarani.

Mashariki mwa Congo, orodha ya namna hiyo ingeanza na barabara. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vingine vya waasi, vingine vya jeshi na maofisa wa serikali, vingi vikidai malipo kwa kila kinachopita. Mfuko wa maharagwe unaoshuka kutoka mlimani unalipa kwenye kizuizi cha kwanza, cha pili, cha tatu, na mkulima ndiye anayebeba hasara hiyo katika bei anayopewa shambani. Hesabu hiyo ilifanywa miaka minne kabla ya M23 kurudi vitani.