Kujuana Kabla ya Kupanda Boti

Kawe, jijini Dar es Salaam, kuanzia Mzimuni hadi Ukwamani, safari ya pamoja ya kwenda Zanzibar siku hizi huanzia kwenye simu. Kwaya, wanakikoba, wazazi wa darasa moja au vijana wa mtaa wanafungua grupu la WhatsApp. Admini anaandika tarehe, nauli ya boti na mahali pa kukutania, tuseme viwanja vya Tanganyika Packers alfajiri, kisha anaanzisha orodha: namba moja jina lake, namba mbili pako wazi. Anayefuata anaikopi orodha yote, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Aliyelipa anawekewa tiki. Wawili wakiandika kwa mpigo mmoja, jina la mmoja linapotea, na jioni nzima inakwenda kwa “jamani mbona mimi simo” hadi admini apange upya. Anayepita juu juu ataona ni kelele za kumaliza bando. Mimi naona orodha hiyo, pamoja na maongezi yanayoizunguka, ni sehemu ya usalama wa safari, na sayansi ya tabia za watu ina ushahidi wa kutosha wa kutufanya tuiandae kwa makini kuliko tunavyofanya sasa.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaosafiri kwa meli kubwa za kitalii wamekuwa wakitafutana mtandaoni kabla ya kung'oa nanga kwa miaka mingi. Wao lakini wana siku saba, kumi au zaidi za kukaa pamoja baharini. Asiyemjua mtu leo atamjua keshokutwa mezani. Sisi hatuna nafasi hiyo. Boti ya kasi inatoka Dar es Salaam hadi Unguja kwa mwendo wa saa mbili hivi, na sehemu kubwa ya muda huo abiria amesinzia, anaangalia simu au anapambana na kichefuchefu. Zamani hali ilikuwa tofauti. Jahazi lilikwenda kwa kusi au kaskazi, na abiria walisubiri bandarini siku nyingi, pengine majuma, hadi upepo ukubali. Katika kusubiri huko walipika pamoja, walikopeshana, walijua nani ana mtoto mchanga na nani hajawahi kuiona bahari. Walipopanda chomboni walikuwa tayari wanajuana. Injini imetupa haraka na imetuondolea kusubiri, na pamoja na kusubiri imeondoa ule muda wa kufahamiana. Safari inapokuwa fupi kiasi hiki, kufahamiana kusipotangulia hakutapata nafasi tena.

Je, kufahamiana kudogo namna hiyo kuna uzito wowote? Jibu la kwanza limetoka New York. Mwaka 1968 wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley walichapisha jaribio ambalo hadi leo hufundishwa vyuoni. Mwanafunzi aliketi peke yake chumbani akizungumza na wenzake kwa vipaza sauti, bila kuwaona. Ghafla mmoja wao alisikika akipatwa na kifafa na kuomba msaada. Sauti hiyo ilikuwa imerekodiwa, lakini msikilizaji hakujua. Walioamini kwamba wao tu ndio wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutoa taarifa kabla mgonjwa hajanyamaza. Walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia pia, ni asilimia 31 tu. Hawakuwa watu wenye roho mbaya; watafiti waliwakuta wanatetemeka, viganja vimelowa jasho. Kila mmoja alidhani mwingine ameshakwenda. Wajibu uligawanywa hadi ukaisha.

Kinachotuhusu zaidi ni kile walichokifanya baadaye, ambacho kwa bahati mbaya hakitajwi sana. Walirudia jaribio, safari hii wakapanga mshiriki akutane kwa muda usiofika dakika moja na yule ambaye baadaye angesikika akiugua. Walisalimiana tu, basi. Waliokuwa wamekutana naye walikwenda kutoa taarifa haraka zaidi kwa tofauti ya wazi, na baadhi walieleza kwamba waliposikia sauti walimwona mtu yule akilini, wakaiona sura yake katika taabu. Kwa wengine ilikuwa sauti isiyo na mwenyewe. Mwaka 1969 Latané na Judith Rodin wakaongeza jambo la pili: watu wawili wamekaa chumbani, chumba cha jirani mwanamke anasikika akianguka na kulia kwa maumivu. Wawili wasiojuana walijitokeza kusaidia katika asilimia 40 tu ya majaribio. Wawili marafiki, asilimia 70. Wasiojuana hutazamana kwa pembeni, kila mmoja akiogopa kuonekana ana papara, na utulivu wa nje wa mwenzake anauchukulia kuwa ushahidi kwamba hakuna tatizo. Marafiki huulizana.

Tupeleke hayo kwenye sitaha. Mama mmoja wa makamo kasimama nje kwenye ukingo, bahari imechafuka mkondoni, anatapika na miguu inalegea. Wasafiri hamsini wanamwona. Kama kwao ni mama mmoja tu aliyevaa khanga, kila mmoja atangojea mhudumu wa boti. Kama ni yule wa namba kumi na nane kwenye orodha, aliyetuma sauti wiki iliyopita akiuliza kama kuna dawa ya kichefuchefu isiyogongana na vidonge vyake vya presha, basi kuna watu watano au sita ambao hawawezi kujifanya hawajamwona. Wanajua jina la kumwitia, wanajua ana presha, na huenda mmoja wao yuko karibu na mwanawe aliyekaa ndani. Hakuna ushujaa wowote hapo. Ni taarifa chache zilizofika mapema.

Atakayepinga atasema ujuano wa kwenye simu si ujuano. Watu hujipamba, huweka picha ya profaili ya mwaka juzi, hucheka kwa vikatuni. Pingamizi hili lina ukweli, lakini mtafiti wa mawasiliano Joseph Walther amelishughulikia tangu miaka ya 1990. Alichoonyesha ni kwamba maandishi hujenga uhusiano polepole kuliko ana kwa ana, kwa sababu kila ujumbe hubeba kidogo. Ukiupa muda, pengo hupungua sana. Akaonyesha pia kwamba wanaotarajia kuendelea kushirikiana huandikiana kwa namna nyingine kabisa: huulizana zaidi, huwa wazi zaidi, huwa waungwana zaidi. Grupu la safari lina sifa zote mbili likifunguliwa mapema, maana kila aliyemo anajua tarehe atakayokutana na hao anaowaandikia. Ndiyo maana grupu linalofunguliwa usiku wa kuamkia safari, kama yafanyavyo mengi, linapeleka matangazo tu na halijengi chochote. Wiki mbili au tatu zingeleta tofauti.

Lipo pia pingamizi la aibu: watu wazima hawapendi kulazimishwa kuongea na wasiowajua. Mwaka 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder wa Chicago walichapisha majaribio waliyofanya kwa abiria wa treni na mabasi ya mji huo. Abiria walipoulizwa, walitabiri kwamba safari ya kuongea na mgeni itawachosha kuliko ya kukaa kimya. Walioombwa waongee kweli walifika wakiwa na furaha zaidi kuliko walioombwa wanyamaze. Dar es Salaam si Chicago, na kwenye daladala zetu stori huanza bila kuombwa, lakini kwenye boti yenye viti vya kupangwa na televisheni mbele, ukimya umeanza kuzoeleka. Stanley Milgram aliliona jambo hilo kwa upande mwingine mwaka 1972: abiria wa vituo vya treni karibu na New York waliwatambua kwa sura, kwa wastani, wenzao wanne ambao hawakuwahi kuwasemesha hata siku moja. Kadiri watu kama hao wanavyokutana mbali na kituo chao, alieleza, ndivyo inavyokuwa rahisi kusalimiana. Mkazi wa Kawe anayekutana Forodhani na sura aliyoizoea pale sokoni analijua hilo bila kusoma Milgram.

Uzito kamili wa jambo huonekana siku ya hatari. Imani iliyoenea ni kwamba katika ajali watu huwa wanyama, kila mtu na roho yake. Mwanasaikolojia John Drury wa Chuo Kikuu cha Sussex na wenzake walizungumza na manusura wa milipuko ya London ya tarehe 7 Julai 2005, iliyoua watu 52, wakapekua pia masimulizi mengine yaliyoandikwa. Walichokuta zaidi ni watu kushikana mikono gizani, kupeana maji, kufungana majeraha kwa vitambaa. Hao walikuwa hawajuani, lakini hatari iliwafanya wajione kitu kimoja, na pale hisia hiyo ilipokuwa na nguvu, kusaidiana kuliongezeka. Mwaka 2014 Drury na Hani Alnabulsi walitoa utafiti mwingine, huu ulihusu mahujaji 1,194 huko Makka. Kwa kawaida msongamano hupunguza hisia ya usalama, lakini kwa mahujaji waliojiona sehemu ya umati ule, athari hiyo haikuwapo. Iligeuka hata kinyume. Mahujaji wetu husafiri kwa vikundi, wakiwa na kiongozi na semina kabla ya kuondoka, na sidhani kwamba faida ya semina hizo ni kujifunza taratibu za ibada peke yake. Mtu anafika Jeddah akiwa na watu wake.

Hapa kuna pingamizi ninaloliona gumu kuliko yote, nalo linatoka kwenye sayansi hiyo hiyo. Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule mjini Bristol, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa vigezo vya kipuuzi kama kupenda picha za mchoraji huyu au yule, na hata hivyo kila kundi lilipendelea wa kwake katika kugawa pesa. Kama jambo dogo hivyo linaleta “sisi” na “wao”, grupu la kwaya kutoka Kawe litafanya nini kwa abiria asiye mwanakwaya aliyekaa katikati yao? Linaweza kumzingira kwa nyimbo, kumbana kwenye kiti, na siku ya shida kumpita. Nalikubali hili. Tiba yake ninaiona kwenye kile kinachoandikwa ndani ya grupu. Likizungumzia sare na picha tu, litajenga ukuta. Likizungumzia boti, kwamba majaketi ya kuokolea yako wapi, mlango wa dharura uko upande gani, nani atamwangalia mzee au mtoto aliye jirani hata kama si wetu, linajenga hisia ya abiria, na abiria ni wote waliomo chomboni.

Utapeli nao upo, na si wa kudharau. Nchi nzima inaujua ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”, na grupu lenye wanachama wengi wasiojuana ni shamba la watu wa aina hiyo. Vilevile orodha ya watakaokuwa Unguja Jumamosi ni orodha ya nyumba zitakazokuwa tupu Kawe siku hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haifiki kwenye grupu la mtaa kabla ya mwizi. Kinga ni ndogo na zinawezekana: mtunza hazina mmoja anayejulikana kwa sura, namba moja ya malipo inayotajwa siku ya kwanza na haibadiliki, kiungo cha kujiunga kisisambazwe hovyo, na grupu lifungwe safari ikiisha.

Wengine watauliza kwa nini tuwatwishe abiria kazi ya mamlaka na wenye vyombo. MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikiwa njiani kutoka hapa hapa Dar es Salaam kwenda Unguja. Hakuna grupu linalopunguza mzigo wa chombo kilichojazwa kupita kiasi, na yeyote anayetaka kulitumia kama kisingizio cha kulegeza ukaguzi akataliwe. Lakini tukumbuke pia MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Majonzi ya familia nyingi yaliongezwa na kutojua hata kama ndugu yao alipanda.

Watu wa daraja la tatu wa leo ndio wenye kiswaswadu, au wasio na bando, au wazee wasiosoma ujumbe wa grupu. Tukiitegemea WhatsApp peke yake tunawaacha nje kwa mara ya pili. Kwa hiyo kwenye ile orodha inayokopiwa na kurudishwa, jina la mzee asiye na simu janja liandikwe kama la mwingine yeyote, na pembeni yake jina la mwanagrupu mmoja aliyepewa jukumu la kumpigia, kumweleza safari, kumtambulisha kwa wenzake siku ya kulipia na kukaa naye ndani ya boti. Na kwa kuwa simu huzama pamoja na mwenyewe, nakala ya mwisho ya orodha, ikiwa na majina kamili na namba ya ndugu wa kila mmoja, iachwe Kawe kwa mtu asiyesafiri, imeandikwa kwenye karatasi.