Kabla ya Kuwapeleka Watoto Makumbusho ya Kitante

Mtoto aliyezaliwa kambini hujua mengi kabla ya umri wake. Huijua tarumbeta ya alfajiri na ile ya jioni; humtofautisha koplo na sajini kwa kuutazama mkono tu, tena kwa mbali; na akiambiwa kwamba baba yuko lindo hana haja ya kuelezwa zaidi. Lakini mtoto huyo huyo ukimwuliza ngao ya babu yake ilikuwa ya umbo gani, au kwao ngoma ya msiba hupigwaje, atakukodolea macho. Si kosa lake. Baba alihamishwa kutoka Moroto kwenda Mbarara, na kutoka Mbarara kuja Mbuya. Mama ni Msoga, baba ametoka West Nile. Mtoto amekua akisema Kiswahili na majirani na Kiingereza na mwalimu, na kijiji cha babu amekiona mara mbili, zote mbili kwa ajili ya mazishi.

Kwa sababu hiyo tumeonelea leo tuzungumze na askari wetu, wa jeshi na wa polisi kadhalika, juu ya safari fupi isiyohitaji basi la mbali wala ruhusa ya siku nyingi: safari ya kuwapeleka watoto katika Makumbusho ya Uganda, pale mlimani Kitante, kando ya Barabara ya Kira. Kutoka kambi ya polisi ya Naguru si mbali, na askari wa kituo cha Kira Road wanaifahamu barabara hiyo kama kiganja cha mkono. Hata hivyo wengi hupita mbele ya lango lile miaka nenda miaka rudi bila ya kuingia. Na katika walioingia, wengi waliingia wakiwa wanafunzi, katika mstari mrefu, mwalimu mmoja mbele na mwingine nyuma, wakatoka wakiikumbuka soda waliyokunywa nje.

Sisi tunaamini kwamba makumbusho hayaendwi kwa gwaride. Mtoto anayepitishwa mbele ya makabati ya vioo kwa amri ya "mbele tembea" huona vioo tu. Lakini pia hatukubaliani na wazazi wanaodhani kwamba kumwandaa mtoto ni kumweleza kila kitu mapema. Aliyekwisha kuelezwa yote hana tena la kutafuta. Maandalizi yafaayo huanza nyumbani siku tatu au nne kabla, wakati wa chakula, kwa kuvitumia vitu vilivyomo humo humo chumbani. Kibuyu cha bibi kilicho juu ya kabati kina shingo nyembamba, kwa nini? Nani alikitengeneza, na alikikata kwa kitu gani wakati ambapo visu vya dukani havikuwapo? Usijibu. Waache wabishane. Kisha kila mtoto na achague swali moja lake mwenyewe la kwenda nalo. Ajuaye kuandika aliandike katika kipande cha karatasi, na asiyejua achore. Mdogo kabisa apewe kazi ya kutafuta ngoma iliyomzidi yeye kimo. Swali moja kwa kila mtoto linatosha.

Mzazi naye ana zoezi lake, na kwa askari huenda likawa gumu kuliko la watoto. Ajizoeze kusema: "Sijui, hebu twende tukamwulize yule mhudumu." Aliyezoea kutoa amri huona haya kusema neno hilo mbele ya wanawe. Na aliseme.

Iko habari moja ambayo askari anaweza kuwasimulia watoto wake njiani kwa fahari, kwa kuwa inaihusu kazi yake. Mwezi wa Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard, Mwingereza, alifika Buganda na kujenga ngome katika kilima kinachoitwa leo Old Kampala. Mwaka uliofuata alikwenda hadi ng'ambo ya Ziwa Albert kuwachukua askari wa Kisudani walioachwa huko baada ya kuondoka kwa Emin Pasha, na kutokana na watu hao ndipo wakapatikana Wanubi wa Uganda. Askari hao, pamoja na wapagazi waliotoka pwani, wana sehemu kubwa katika historia ya lugha zinazosemwa kambini hata sasa. Basi ni katika ngome ile ile ya Lugard ambamo makumbusho ya nchi hii yalianzishwa mwaka 1908. Vitu vilivyokusanywa vilikuwa vingi vya ibada na uganga, na wananchi wakaiita nyumba ile "Enyumba ya Mayembe", yaani nyumba ya pembe za uganga. Wengine waliiogopa. Katika miaka ya 1940 vitu hivyo vilihamishiwa Makerere, vikawa chini ya Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa. Na mwaka 1954 vikapata makao yao ya sasa Kitante, katika jengo lililochorwa na Ernst May, msanifu wa Kijerumani. Jengo lenyewe nusura lisionekane na watoto wetu, kwani mwaka 2011 palikuwa na mpango wa kulibomoa ili pajengwe mnara wa biashara wa ghorofa 60. Wapenzi wa historia walipinga mpaka mahakamani, na jengo lingali limesimama.

Ukifika ndani, tunashauri uanze na ala za muziki. Hatusemi hivyo kwa sababu watoto hupenda kelele, ingawa wanazipenda. Tunasema hivyo kwa sababu hapo ndipo mtoto wa kambini anapojiona. Klaus Wachsmann, aliyeyasimamia makumbusho haya zamani, alikuwa mtaalamu wa muziki, naye alizunguka nchi nzima akirekodi nyimbo na kukusanya ala. Hakutaka zikae kimya, na Evaristo Muyinda, mpigaji mashuhuri aliyepata kupiga katika jumba la Kabaka, alifanya kazi hapo akiwaonyesha wageni jinsi zinavyopigwa. Adungu, kinubi cha Waacholi na Waalur. Amadinda ya Waganda, ambayo ni mbao zinazopigwa na watu watatu kwa pamoja. Agwara, tarumbeta ndefu za West Nile. Bigwala za Busoga, zinazotengenezwa kwa vibuyu virefu na ambazo mwaka 2012 UNESCO iliziingiza katika orodha ya mambo yaliyo katika hatari ya kupotea. Mtoto yule tuliyemtaja mwanzo, wa mama Msoga na baba wa West Nile, usimwambie chochote. Mwache atafute za upande wa mama na za upande wa baba, na akishindwa amwulize mhudumu. Akizipata zote atakuwa amegundua kwamba yeye si mtu asiye na kwao, bali ni mtu mwenye kwao kuwili.

Kisha atakuvuta mkono kuelekea penye mikuki na ngao. Hilo halina budi, hasa kwa watoto wa askari, na hapo ndipo baba anapopaswa kuwa na maneno tayari. Wapo watakaoona ni nafasi ya kujisifu. Sisi tungependekeza wamsimulie hadithi ya Kibuuka. Waganda husimulia kwamba Kibuuka alikuwa shujaa kutoka visiwa vya Ssese aliyepigana na Wanyoro akiwa juu ndani ya wingu, akiwamiminia mishale pasipo wao kumwona. Mwanamke wa Kinyoro aliyetekwa akakaa karibu naye, akaigundua siri, akatoroka na kuipeleka kwao. Siku iliyofuata wapiga mishale wa Bunyoro walilenga winguni, naye akaanguka juu ya mti huko Mbaale, katika Mawokota. Baada ya kufa aliabudiwa kama mungu wa vita. Askari yeyote aliyefundishwa kulinda siri za kikosi ataimaliza hadithi hii kwa namna yake mwenyewe. Lakini iko na sehemu ya pili iliyo kweli tupu: mwanzoni mwa karne ya 20 mmisionari John Roscoe alivichukua vitu vitakatifu vya Kibuuka, vikapelekwa Cambridge, Uingereza, na vikarudishwa Kampala mwaka 1962, mwaka wa Uhuru.

Mtoto mwerevu atauliza kama vyote vimerudi. La, havijarudi vyote. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakisawazisha ardhi katika kilima cha gereza la Luzira walichimbua kichwa cha sanamu ya udongo, kazi ya mafinyanzi wa kale wa nchi hii. Kichwa hicho kiko katika makumbusho ya Waingereza, London, tangu miaka ya 1930. Waliokichimbua ni wafungwa, na pasi na shaka walisimamiwa na askari. Hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake limeandikwa pamoja na sanamu hiyo. Na mwezi wa Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilileta Kampala vitu 39 vilivyochukuliwa enzi za ukoloni. Vimeletwa kwa mkopo wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa. Mtoto akiuliza inakuwaje mwenye mali akakopeshwa mali yake, sisi hatuna jibu la kumtuliza, na hatuoni haja ya kumtafutia.

Liko swali jingine lililo zito zaidi, na aliyevaa sare hawezi kulikwepa. Mwaka 2019 makumbusho haya yalifanya maonyesho ya picha za utawala wa Idi Amin, zilizotoka katika hazina ya shirika la utangazaji la taifa, ambako makumi ya maelfu ya picha yalikuwa yamekaa miaka mingi bila ya kuonekana. Wapiga picha wale walikuwa watumishi wa serikali, nao walipiga walichotumwa kupiga: mikutano, wageni, gwaride, medali. Waliochukuliwa usiku hawakupigwa picha. Maonyesho yale yalikwisha, lakini swali halikwisha, kwa maana mtoto husikia jina la Amin shuleni na sokoni, na siku moja atamgeukia baba yake na kumwuliza: "Wale askari walikuwa kama wewe?"

Tunawaomba wazazi wasimfokee, wala wasimwambie kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Ikiwa ana umri wa kuuliza, ana umri wa kujibiwa kwa kadiri yake. Mtoto wa miaka saba huambiwa kwamba palikuwa na wakati, kuanzia Januari 1971 hadi Aprili 1979, ambapo wenye bunduki wengi waliwaumiza wasiokuwa nazo, na kwamba hilo lilikuwa baya. Wa miaka kumi na minne anaweza kutajiwa majina: Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyetolewa katika Mahakama Kuu mwezi wa Septemba 1972 asirudi tena, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977. Na aambiwe pia lile ambalo nje ya kambi husahauliwa upesi, kwamba miongoni mwa wa kwanza kuuawa walikuwa askari wenyewe. Mwaka 1971 askari wengi wa Kiacholi na Kilangi waliuawa ndani ya kambi zao, na wenzao waliokula nao chungu kimoja. Watoto wao nao walikuwa watoto wa kambini, wakiijua tarumbeta ya alfajiri. Baba anayeweza kuyasema hayo kwa sauti ya kawaida, akiwa amevaa shati la kiraia, amemfundisha mwanawe juu ya sare jambo ambalo gwaride haliwezi kulifundisha.

Tumelitaja shati la kiraia kwa makusudi. Siku hiyo acha sare nyumbani, na silaha ibaki ghalani mahali pake. Nenda asubuhi, watoto wakiwa wamekula na kwenda haja, kwa kuwa mwenye njaa haoni kitu. Saa mbili ndani zinatosha kabisa, na kwa wadogo hata saa moja. Usijaribu kupita kila chumba. Visukuku vya Karamoja, kwa mfano, ni somo la siku nyingine peke yake: huko Napak mwaka 2011 lilipatikana fuvu la nyani mkubwa asiye na mkia, la zamani za miaka ipatayo milioni 20, na askari aliyewahi kutumikia huko atapenda kulizungumza kwa nafasi. Kabla ya kupiga picha kwa simu, omba ruhusa. Wakubwa washikane mikono na wadogo, na kioo kisiegemewe.

Nyuma ya jengo kuna kijiji cha nyumba za asili za makabila mbalimbali, na hapo watoto waachiwe wakimbie kidogo. Wale wa kambi za polisi waliokulia katika vijumba vya bati vya mviringo, vile ambavyo tangu zamani vimeitwa "mama ingia pole", watashangaa kuona kwamba babu zao nao waliishi katika mviringo, ila mviringo wao ulikuwa wa nyasi, wenye ubaridi mchana na joto usiku. Wapime kwa hatua. Wakupe hesabu.

Mkirudi, karatasi za maswali zitolewe tena kabla ya chakula cha jioni. Yaliyojibiwa yawekewe alama. Yasiyojibiwa wapigieni simu babu na bibi kijijini siku hiyo hiyo, na mtoto mwenyewe ndiye aulize, kwa lugha ya huko kadiri anavyoiweza. Msingoje kesho, maana kesho huenda baba akawa zamuni.